Kujitegemea Mpaka Jikoni

(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa)



Barua niliyoletewa na Kamati ilinitaka nizungumze juu ya "Maisha baada ya shule". Wenzangu walionitangulia hapa wamezungumza vizuri juu ya kazi, biashara na uongozi. Mimi sina mengi ya kuongeza huko. Nitazungumza juu ya chakula cha mchana. Najua baadhi yenu mtacheka. Chekeni kidogo, halafu mnisikilize, maana jambo hili dogo nusura linitoe roho.

Mimi niliingia shule hii mwaka 1975 nikamaliza kidato cha nne mwaka 1978. Ule ulikuwa wakati wa Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameiandikia kijitabu chake mwaka 1967. Tuliifuata kwa vitendo. Tulilima mahindi na maharage, tulifuga kuku, tulichota maji, tulifyatua matofali. Mikono yetu ilikuwa na sugu kama ya wazee. Lakini mahindi yakishavunwa na kuingia ghalani, kazi yetu ilikwisha. Waliobaki ni wapishi. Sisi tulingoja kengele, tukaingia bwaloni na sahani mkononi. Katika miaka minne sikuwahi kuchemsha hata yai. Ndugu Mwenyekiti, kujitegemea kwetu kuliishia mlangoni pa jikoni.

Wala si kwamba hatukufundishwa habari za chakula. Mwaka huo huo wa 1975 kulikuwa na kampeni ya taifa iliyoitwa "Chakula ni Uhai", iliyofuata ile ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Wakati wa likizo nilikaa na baba na majirani chini ya mwembe, tukasikiliza vipindi vya Redio Tanzania Dar es Salaam. Nikahifadhi kichwani vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Kwenye mtihani nilivitaja vyote bila kukosea. Lakini kutaja si kupika.

Bwenini kwetu alikuwako kijana mmoja tu aliyekuwa tofauti, mzaliwa wa Mafia, mtoto wa mvuvi. Jumapili aliwasha moto nyuma ya bweni akachemsha pweza mkavu aliyetoka naye nyumbani. Tulimcheka. Tulimwita "Bibi Mpishi", kisha tukamla pweza wake. Yumo humu ukumbini leo na ameniomba nisimtaje jina. Nitamheshimu, ila mtaona baadaye kwa nini namdai radhi mbele yenu.

Sasa niruke miaka mingi. Nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja mjini, nyumba yangu iko Mtoni, Temeke. Kwa miaka yote hiyo nilipikiwa na mke wangu. Mwaka 2016 mama mkwe wangu aliugua huko Lindi, mke wangu akaenda kumuuguza. Alikaa miezi mitano. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa. Nikabaki peke yangu na jiko ambalo sikujua hata viberiti vinakaa wapi.

Nikaanza kula njiani. Asubuhi chai ya sukari nyingi na maandazi mawili. Mchana chipsi mayai, chumvi juu, na soda baridi. Jioni, nikiteremka daladala, chipsi tena, au nyama ya kuchoma. Siwalaumu wauza chakula. Mama lishe na vijana wa chipsi wanapika tunachoagiza, na wengi wao wakiombwa kupunguza mafuta na chumvi hupunguza. Mimi sikuomba. Nilikuwa nikisema moyoni, "Ni kwa muda tu, mama watoto akirudi mambo yatatengemaa."

Mwezi wa nne wa hali hiyo, nikiwa ofisini, kichwa kilinigonga, macho yakaona giza, nikaanguka juu ya meza. Wenzangu wakanipeleka hospitali. Shinikizo la damu lilikuwa 180 kwa 110. Muuguzi aliyenipima alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. Akaniuliza kwa upole, "Baba, nyumbani nani anakupikia?"

Nikamjibu, "Mke wangu."

"Yuko wapi mama?"

"Yuko Lindi."

Akanitazama, akauliza tena, "Sasa nani anakupikia?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne na miaka zaidi ya thelathini ya kazi, nimekaa juu ya kitanda cha hospitali, sina jibu. Aibu ile iliniuma kuliko sindano.

Nilipewa vidonge, ambavyo nameza mpaka leo, na karatasi ya maelezo ya chakula. Karatasi ilisema nipunguze chumvi, nile mboga na matunda kwa wingi, niache vya kukaanga, na nile samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki, "kwa mfano samoni". Mimi ni mtu wa kufuata karatasi. Siku ya mapumziko nikaenda Soko la Samaki la Feri, nikamwuliza muuzaji kama ana samoni. Akawauliza wenzake. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mzee wangu, huyo hapiti huku."

Alisema kweli. Samoni ni samaki wa maji ya baridi, wa bahari za kaskazini ya dunia. Wengi wanaouzwa siku hizi wamefugwa kwenye vizimba huko Norway, Uskoti na Chile. Baadaye nikamkuta katika duka moja kubwa upande wa Masaki, kipande cha rangi ya chungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Nilisoma bei yake mara mbili, nikakirudisha taratibu kwenye barafu yake kana kwamba nimeshika kitu cha mtu.

Ndipo nilipomkumbuka yule wa Mafia. Nilikuwa nimesikia kwamba anakaa Mwananyamala, wilaya ya Kinondoni. Nikaenda kwake na karatasi yangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Bwana, daktari hataki samoni. Daktari anataka mafuta yaliyo ndani ya samoni. Mafuta hayo kibua anayo."

Nami baadaye nikasoma, nikaona kwamba sivyo alivyojitungia. Mafuta hayo yanaitwa omega-3. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Denmark, Bang na Dyerberg, walikwenda Greenland wakapima damu ya wenyeji wale wanaoishi kwa samaki na wanyama wa baharini, na tangu hapo dunia imeyafuatilia mafuta hayo. Wataalamu bado wanabishana juu ya vidonge vya mafuta ya samaki. Lakini kula samaki mwenyewe, mahali pa nyama ya mafuta na vitu vya kukaanga, bado ni ushauri unaotolewa na waganga wengi. Na samaki wa namna hiyo sisi tunao: kibua, jodari na dagaa. Wakubwa mnakumbuka mwaka 2009 meli Tawariq 1 ilipokamatwa katika bahari yetu na shehena ya jodari, wananchi wakawaita "samaki wa Magufuli" kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati ule. Watu hutoka mbali kumfuata jodari wetu, nami nilikuwa nahangaika kumtafuta samoni wa Norway.

Siku ile, jikoni kwake Mwananyamala, mwenzangu alinifundisha saladi ya kibua. Wengine wataiita kachumbari ya samaki, jina si neno. Naomba vijana mwandike, maana inachukua chini ya nusu saa.

Chukua vibua wawili wa wastani. Mtazame samaki kabla ya kumnunua: macho yawe maangavu na yaliyojaa, mashavu kwa ndani yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi, na harufu iwe ya bahari, isiwe kali. Mtoe matumbo na mashavu, mwoshe vizuri. Mtie sufuriani na maji kidogo yasiyomzidi, kipande cha tangawizi kilichopondwa, punje mbili za kitunguu saumu, na maji ya nusu ndimu. Funika, acha ichemke kwa moto wa wastani dakika kumi hivi. Ameiva pale nyama inapoachana na mwiba bila kulazimishwa.

Wakati sufuria inachemka, usikae bure. Kata nyanya mbili, tango moja, karoti moja na nusu ya pilipili hoho. Kata kitunguu maji kimoja vyembamba, ukisuuze kwa maji ya ndimu kuondoa ukali. Wengi wetu tunakisugua kwa chumvi, lakini chumvi hiyo ndiyo adui wa mtu kama mimi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate na vyakula vingine. Ukiwa na embe bichi, kwangua kidogo. Ukiwa na parachichi, kata nusu.

Mtoe samaki, mwache apoe kidogo, mchambue nyama kwa vidole na kuondoa miiba yote. Hapa usiwe na haraka. Changanya na mboga, kamulia ndimu moja na nusu, tia kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, pilipili manga, na majani ya kotimiri. Koroga taratibu nyama isivurugike. Chumvi, kama ni lazima, iwe ya kubana kwa vidole viwili. Kula papo hapo na muhogo au kiazi kitamu kilichochemshwa. Tangu kuwasha moto mpaka kukaa mezani mimi natumia dakika ishirini na tano. Siku nyingine kwenye foleni ya chipsi nilikuwa nikisimama zaidi ya hapo.

Ndugu Mwenyekiti, kama ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya kwamba mambo yalikwenda sawa. Sivyo. Mwanafunzi mpya hujiona fundi. Mwezi wa Januari uliofuata nilikwenda Feri asubuhi, nikakuta vibua wa bei nafuu sana, karibu saa tano. Nikanunua kilo mbili, nikawatia kwenye mfuko wa nailoni, maana wakati ule mifuko ile ilikuwa haijapigwa marufuku, marufuku ilikuja Juni 2019. Barafu sikununua. Niliona ni hasara. Nikapanda daladala. Barabara ya Kilwa ilifunga. Jua la Januari mnalijua. Tulikaa kwenye foleni mpaka nikasahau nimebeba nini. Nilipofika Mtoni kwa Azizi Ali ilikuwa saa nane kasoro.

Nikapika, nikachemsha vizuri, nikamwita mjukuu wangu wa miaka saba aliyekuja kunitembelea. Tukala. Haikupita saa moja, mtoto akawa mwekundu usoni na shingoni, mwili unamwasha, analia kichwa. Mimi moyo unanidunda kama ngoma, mdomo unachoma. Nilimbeba mtoto mgongoni mpaka barabarani nikitafuta bajaji. Njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu jambo moja tu: kama ni kuchukua mtu, asiwe huyu.

Tulitibiwa, na kufikia usiku mtoto alikuwa amelala vizuri. Daktari akanieleza, nami nawaeleza nyinyi ili pasiwe na mwingine. Kibua na jodari wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao sumu inayoitwa histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Chemsha, kaanga, choma, inabaki. Huenda usiione wala usisikie harufu yake. Dawa yake ni kuizuia isitokee, na kinachoizuia ni baridi. Tangu siku hiyo nakwenda sokoni alfajiri na ndoo yenye mfuniko. Nanunua barafu kwanza, samaki baadaye. Nikifika nyumbani ama napika papo hapo, ama naweka kwenye jokofu la kugandisha. Kama siku hiyo sina barafu, sinunui kibua. Nakula maharage, na maharage hayajawahi kunibebesha mtoto mgongoni.

Nilimwambia yule mwenzangu wa Mafia yaliyonipata. Hakucheka safari hii. Alisema, "Nilikufundisha kupika, sikukufundisha kubeba. Kosa ni letu sote." Ndugu zangu, mtu tuliyemwita Bibi Mpishi miaka minne ndiye aliyenifundisha kuishi. Naomba asimame alipo kama anapenda. Na kama hapendi, akae tu, lakini asikie: mimi na wenzangu tunakuomba radhi.

Jambo la pili la kuangalia ni mboga mbichi. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 katika mji huu kilitufundisha. Osha mboga kwa maji safi yaliyochemshwa, osha mikono kwa sabuni, na ubao uliokatia samaki mbichi usikatie nyanya kabla ya kuuosha. Na saladi iliyokwisha changanywa usiiweke mpaka jioni. Tengeneza ya kutosha watu waliopo.

Sasa nigeukie vijana wa shule. Najua mtasema, "Babu, sisi tuko bweni, hatuna jokofu wala barafu." Kwenu ni dagaa wakavu. Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza waliokaushwa vizuri hawahitaji barafu. Wachambue, ondoa mchanga, waoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu, wachemshe kidogo, wachuje, kisha wachanganye na nyanya, kitunguu, kabichi iliyokatwa vyembamba na ndimu. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo inatia nguvu mifupa yenu inayokua. Na wenzangu mnaofanya kazi ofisini mnaweza kutumia samaki wa kopo, jodari au sadini, ila mchuje maji yake ya chumvi kwanza.

Mke wangu aliporudi kutoka Lindi hakuwa ameambiwa lolote. Alifungua mlango akanikuta na kanga kiunoni nachambua kibua. Akasimama, akamwuliza jirani aliyemsindikiza, "Hii ni nyumba yangu kweli?" Leo tunapika kwa zamu. Shinikizo langu limeshuka, ingawa vidonge siviachi bila amri ya daktari, na nawasihi wenye hali kama yangu wasiviache kwa kudhani saladi ni dawa. Saladi ni chakula. Kazi yake ni kupunguza mzigo ambao vidonge vinaubeba.

Ndugu Mwenyekiti, nyumbani ninayo picha yetu ya kidato cha nne ya mwaka 1978. Kila tukikutana tunahesabu waliobaki. Baadhi ya wasiokuwepo walichukuliwa na kiharusi na maradhi ya moyo, tena kabla ya kustaafu. Siwezi kusema kila mmoja wao angepona kwa kujua kupika. Lakini nakumbuka tulivyokuwa, na sikumbuki hata mmoja wao aliyejua.

Kwa hiyo, badala ya nasaha nyingi, naleta ombi moja kwa Mkuu wa Shule. Kila bweni lipewe Jumamosi moja ya zamu jikoni, chini ya wapishi wetu, wavulana wajifunze kununua, kubeba, kuosha, kupika na kusafisha vyombo. Mimi nitatoa ndoo mbili zenye mifuniko na barafu ya siku ya kwanza. Yule wa Mafia amekubali kuja kufundisha. Wenye kutaka kuchangia sufuria, visu na bao za kukatia waje kwangu baada ya mkutano, daftari ninalo mfukoni.

Nanyi vijana, siku moja mtu atawauliza, "Nyumbani nani anakupikia?" Nataka muweze kujibu, "Nikiwa peke yangu, najipikia mwenyewe."